Sukari Inapozidi, Maji na Chumvi Hupungua Mwilini

Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, wenyeji wengi wa Kitui na Makueni huchimba mchanga wa mito iliyokauka ili wapate maji, na kila debe hutumiwa kwa hesabu. Mtu mwenye maradhi ya kisukari aliyemo katika nyumba ya namna hiyo yumo hatarini kuliko wenzake, na yafaa jamaa zake waijue sababu.

Sukari ya damu ikipita kiasi cha milimoli 10 hivi katika lita moja, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo huingia katika mkojo. Haitoki peke yake. Huvuta maji, na maji hayo huchukua chumvi za mwili, kama vile sodiamu na potasiamu. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mara nyingi, usiku na mchana, na kiu yake haiishi. Wako wanaodhani kwamba akipunguziwa maji ya kunywa atakojoa kidogo. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa kinacholeta mkojo huo ni sukari, na mgonjwa aliyenyimwa maji huzidi kukauka. Wala asitulizwe kiu kwa soda au chai ya sukari nyingi, isipokuwa sukari yake imeshuka mno.

Potasiamu ina hila yake. Chumvi hii hukaa zaidi ndani ya chembe hai za mwili, nayo huisaidia misuli, na moyo hasa, kufanya kazi kwa utaratibu. Insulini ikikosekana, potasiamu hutoka katika chembe na kuingia katika damu, kisha hupotea katika mkojo. Basi damu ikipimwa huenda ikaonekana ina potasiamu ya kutosha, hata kupita kiasi, kumbe ghala lenyewe limepungua sana. Mgonjwa akipewa insulini, potasiamu hurudi upesi ndani ya chembe, na ile ya damu hushuka. Ikishuka mno, moyo hupiga ovyo na huweza kusimama. Kwa hiyo hospitalini damu hupimwa tena na tena, na mgonjwa hutiwa maji na potasiamu kwa mshipa pamoja na insulini. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani. Hata maji ya visima virefu vya Kitui, ambayo mahali pengi yana chumvichumvi, hayashiki nafasi ya dawa hiyo.

Kabla insulini haijaanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1922, wengi waliofikia hali hii walikufa. Siku hizi hupona wakiwahi. Mgonjwa akitapika, akiumwa na tumbo, akipumua kwa kina na haraka, pumzi yake ikinukia kama matunda yaliyoiva, au akisinzia na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe ni Kitui mjini au Wote. Anayedungwa insulini asiiache kwa sababu tu ameshindwa kula. Amwulize mganga kiasi cha kutumia. Dawa zake zote zichukuliwe pamoja naye, ili daktari azione.