Mswaki, dawa na kliniki: gharama ya fizi Kaptembwo

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa takriban asilimia 98 ya watu wazima wa Kenya. Meno yaliyooza yalikuwa kwa asilimia 34 hivi.

Asilimia 98 haina maana kwamba karibu kila mtu atang'oka meno. Fizi inayotoka damu imevimba, na hupona ikisafishwa. Ugonjwa mkali, ule unaokula mfupa hadi jino likalegea, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa uko kwa asilimia 19 hivi ya watu wazima duniani. Takwimu moja ni ya Kenya, nyingine ya dunia, kwa hiyo huwezi kutoa moja kutoka kwa nyingine.

Chanzo ni ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda kwenye jino. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake nchini Denmark waliwaachisha watu 12 kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilivimba. Waliporejea kwenye mswaki, zilipona. Watu 12 ni wachache, lakini hakuna hata mmoja aliyesalimika.

Sasa tumchukue mpangaji mmoja wa ploti katika mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, kwa bei za kukadiria. Mswaki wa shilingi 60, ukibadilishwa kila miezi 3, ni shilingi 240 kwa mwaka. Dawa ya meno ya gramu 140 kwa shilingi 200, akitumia nusu gramu mara mbili kwa siku, ni shilingi 521. Jumla ni 761, kama shilingi 2 kwa siku. Akipaka gramu nzima kila mara, jumla hupanda hadi 1,283.

Asilimia 68 ya ile 761 ni dawa. Lakini ukoga huondolewa hasa na nywele za mswaki. Floraidi iliyo kwenye dawa hulinda jino lisioze. Kwa fizi peke yake, basi, gharama ni ile 240. Na katika Bonde la Ufa, iliko Kaptembwo, ambako visima vingi huzidi kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, dawa nyingi si faida: mtoto wa miaka 3 hadi 6 anatosheka na kiasi cha punje ya njegere.

Tukikadiria shilingi 3,000 za kusafishwa meno kliniki, hiyo ni karibu mara 4 ya 761. Ulinganisho huo una kasoro: aliyesafishwa bado anahitaji mswaki, na ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki. Mwenye ukoga huo atalipa vyote viwili mwaka wa kwanza, shilingi 3,761.

Gharama isiyoandikwa ni muda. Dakika 2, mara mbili kwa siku, ni dakika 1,460 kwa mwaka: saa 24 na dakika 20. Kwa anayenunua mswaki na dawa tayari, hilo ndilo deni lililobaki.