Sura ya 6: Kufungua ni Rahisi, Kufunga Ndiyo Kazi

Ndege ndogo zinazopeleka watalii Seronera, kusini mwa Morotonga, haziruki mwaka mzima bila kuingia karakana. Hufunguliwa, hukaguliwa, hufungwa. Abiria akisikia hivyo moyo hutulia. Fundi mzoefu hatulii sana, maana kila kilichofunguliwa kinaweza kufungwa vibaya.

James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza aliyechunguza makosa ya kazini, alitoa mfano wa boliti yenye nati 8 zilizotiwa herufi. Kuzivua, njia ni moja. Kuzirudisha kwa mpangilio usio sahihi, njia zinazidi 40,000.

Afrika Mashariki ililipia hesabu hiyo Addis Ababa, tarehe 18 Aprili 1972. Super VC10 ya East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda, ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda London. Ikiwa mbioni kuruka, tairi la mbele lilikanyaga kipande cha chuma, likapasuka. Kipande chenyewe kilikuwa cha kuegemeza jeki, nacho kilidondoka kutoka Cessna 185. Rubani akakatiza kuruka, tena kwa utaratibu uleule unaotakiwa. Ndege haikusimama. Ilipita mwisho wa njia, ikaporomoka, ikawaka moto. Kati ya watu 107, walikufa 43.

Wachunguzi hawakuishia kwenye tairi. Waligundua kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishwa vibaya, hivyo nguvu ya breki ilipungua. Kosa la namna hii linaweza kujificha siku nyingi, kwa sababu katika kutua kwa kawaida njia ni ndefu na breki haidaiwi nguvu zake zote.

Uingereza nako, Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege iliyotoka Birmingham kiling'oka angani, na rubani akavutwa nusu mwili nje. Alipona. Boliti 84 kati ya 90 zilizokishika kioo hicho zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Fundi alizichagua usiku kwa kulinganisha kwa macho, na kanuni haikudai mtu wa pili aikague kazi ile.

Mtu wa pili ni dawa nzuri, ila kwetu ina ugumu wake. Kijana akitumwa kumkagua mzee aliyemfundisha ufundi, huona haya kusema, "Shikamoo mzee, naomba ufungue tena nione." Basi hutia sahihi.