Klachi ya leithi kuukuu: kusafisha, kuchongesha au kuagiza?

Fundi anayezungusha gurudumu la mkono siku nzima, ilhali leithi yake ina mwendo wa kujiendesha, huenda ana klachi inayoteleza. Kisu kikizama kidogo tu kwenye chuma, kigari kinasimama. Kwa mwenye karakana Kibera au Kawangware, njia za maana za kuitengeneza ni tatu.

Pima kabla ya kutoa pesa. Jaribu kukata nyuzi za skrubu. Kwenye leithi ya South Bend ya inchi 9 yenye mwendo wa kujiendesha, kazi hii hutumia nati inayoshika skrubu ndefu moja kwa moja, bila kupitia klachi. Nyuzi zikitoka safi lakini kigari kikikwama unapokereza kawaida, shuku klachi. Kazi zote mbili zikigoma, anza na giya za pembeni.

Kusafisha. Ndani ya sanduku la mbele la kigari mna sahani nyembamba zilizopangana, zinazobanwa na kitufe chenye umbo la nyota. Oili ikiganda pamoja na vumbi la chuma, hazishikani vizuri. Gharama yake ni mafuta ya taa, brashi, oili safi na siku moja ya kazi. Anzia hapa hata ukiwa na hakika kwamba sahani zimelika.

Kuchongesha. Sahani zikiwa zimelika kweli, peleka za zamani kama sampuli kwa mafundi wa Kamukunji, au kwa jirani ambaye leithi yake ni nzima. Mkubaliane mapema nani ananunua chuma, na salio lilipwe baada ya sahani kujaribiwa kwenye mashini. Uliza bei kwa mafundi wawili au watatu, kila mmoja akiwa ameshika sampuli ileile.

Kuagiza. Kampuni ya South Bend ilianza Indiana, Marekani, mwaka 1906, na spea zilizotumika bado huuzwa mtandaoni. Bei unayoiona hapo si utakayolipa. VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei ya spea pamoja na nauli ya mzigo, bima na ushuru.

Hesabu siku pia. Tuseme leithi hukuletea faida ya shilingi 1,500 kwa siku. Ikikaa wazi siku 4 ukisubiri sahani, umepoteza 6,000 kabla hujamlipa fundi. Mzigo wa ng'ambo ukichukua siku 24 za kazi, hasara ni 36,000. Kwa hiyo, ukiamua kuagiza, chukua vipimo, funga sanduku tena na uendelee kusukuma kwa mkono. Pole pole inalipa kuliko mashini iliyofunguliwa.

Ya kukataa. Kuna njia ya nne, rahisi kupita zote: kuchomelea klachi ishikane moja kwa moja. Usikubali. Klachi imeundwa iteleze pale kigari kinapogonga kitu. Ukiifunga, mzigo wote utaangukia meno ya giya, na giya ndiyo spea ghali na ngumu kupata.

Kwa ufupi: safisha kwanza, chongesha sahani zikiwa zimelika, na agiza pale tu kipande kinapokuwa kimevunjika kiasi cha kutofaa hata kuwa sampuli.