Mdomo wa Mpira Unaorudisha Oili

Msomaji wetu wa Tanga ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1968 aliyoachiwa na baba yake. Oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, klachi imeanza kuteleza, na fundi wake amekwisha kubadilisha sili ya upande wa flaiwili mara mbili, zote mpya kutoka dukani. Zikipita wiki chache madoa yanarudi palepale. Anauliza kama anunue sili ya bei kubwa zaidi, ile nyekundu ya silikoni.

Jinsi ya kuishusha injini sitaieleza. Fundi yeyote aliyewahi kuishika Beetle anajua kwamba inashikiliwa na boliti 4, na ukishaweka jeki chini yake inatoka kwa nyuma bila ugomvi. Niseme tu kwamba sili hii, inayoitwa ya nyuma kwenye magari mengi, kwenye Beetle inatazama mbele ya gari kwa sababu injini yenyewe iko mkiani. Ninachotaka kukitazama kwa karibu ni ule mdomo wa mpira ulio ndani ya pete, na hasa sehemu yake inayogusa chuma, ambayo ikiwa mpya upana wake ni kati ya milimita 0.1 na 0.2. Kazi yote ya sili inafanyika hapo.

Mdomo huo hauikumbati krankishafti. Unakumbata shingo ya flaiwili, yenye kipenyo cha karibu milimita 60. Injini ya zamani ya cc 1200 ilitoa nguvu yake yote, farasi 34, ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde. Piga hesabu: chuma kinapita chini ya mpira kwa mita 11 na zaidi kila sekunde, ambayo ni kasi ya kilomita 40 kwa saa. Mpira mkavu uliobanwa na springi juu ya chuma chenye kasi hiyo ungeungua mara moja. Lakini sili nzuri hudumu miaka. Inadumu kwa sababu haigusi chuma injini ikiwa inazunguka. Mwaka 1957 mtafiti wa Uingereza, E. T. Jagger, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kati ya mdomo na shafti kuna utando wa oili. Unene wake ni wa kiwango cha maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita.

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Ikiwa oili iko chini ya mdomo, tena njia iko wazi hadi nje, mbona haitoki?

Shika sili mkononi uitazame kwa ubavu. Mdomo una miteremko miwili isiyolingana. Ule wa upande wa oili ni mkali, kwa kawaida karibu nyuzi 45. Ule wa upande wa hewa umelala, nyuzi 25 hivi. Ile springi nyembamba inayouzunguka mdomo nayo haikai juu kabisa ya ncha, bali imesogezwa kidogo kuelekea upande wa hewa. Hayo si mapambo ya kiwandani. Kwa umbo hilo, mahali mpira unapoibana shafti kwa nguvu zaidi si katikati ya ule upana mdogo wa mguso, ni karibu na ukingo wa oili. Kutoka kwenye kilele hicho mbano unashuka ghafla kuelekea kwenye oili, na unashuka taratibu kuelekea kwenye hewa.

Sasa shafti ianze kuzunguka. Saa za mwanzo za kazi zinausugua mpira mpaka uso wake unabaki na vinundu na mikunjo midogo isiyoonekana kwa macho. Chuma kinaiburuta mikunjo hiyo kuelekea kinakokwenda. Penye mbano mkubwa mpira unaburutwa mbali, na pembezoni unaburutwa kidogo, kwa hiyo kila mkunjo uliokuwa umenyooka unajipinda ukawa kama herufi V iliyolala, ncha yake ikielekea mzunguko unakokwenda. Na kwa kuwa kilele cha mbano kiko karibu na oili, mkono mmoja wa V hiyo ni mfupi, ule wa upande wa oili, na mkono wa upande wa hewa ni mrefu.

Aliyewahi kuona uzio wa kuvulia samaki, ule wa fito zilizofungwa kwa kamba na kusimikwa kwenye maji ya kupwa na kujaa, tayari anajua kitakachofuata. Maji yanapokupwa, samaki wanayafuata kurudi kilindini. Wanakuta ubawa wa fito umekaa mshazari mbele yao. Hawarudi nyuma, maana maji yanawasukuma. Wanateleza kandokando ya ubawa, fito kwa fito, hadi pembe ambapo mbawa mbili zinakutana, na hapo ndipo mvuvi ameweka chumba chake. Mvuvi hamkimbizi samaki hata mmoja. Anapanga mshazari, maji yanafanya kazi. Sasa chukua uzio huo uujenge vibaya kwa makusudi: ubawa mmoja mrefu sana, mwingine mfupi, na chumba usikifunge. Samaki waliokutana na ubawa mrefu ni wengi, nao wote wanasukumwa kuvuka kwenda upande wa ubawa mfupi. Waliokutana na ubawa mfupi ni wachache, hao wanasukumwa kinyume. Hesabu ya mwisho ni kwamba wengi wamehamia upande mmoja. Chini ya mdomo wa sili shafti ndiyo maji yanayokupwa, oili ndiyo samaki, na mikunjo ya mpira ndiyo fito. Mbawa ndefu ziko upande wa hewa, kwa hiyo oili inayojaribu kutoka inakutana nazo na kurudishwa ilikotoka, mzunguko baada ya mzunguko, na kuta za uzio huu ni nyingi mno kuzunguka shingo nzima ya flaiwili.

Kwa hiyo sili ya aina hii ni pampu. Kazi yake mimi naiita urejeshaji, wala si uzibaji, kwa sababu uzibaji halisi unafanyika injini ikiwa imezimwa tu, springi inapoukalisha mpira juu ya chuma. Wapo wataalamu wanaoongeza visababishi vingine, lakini pampu yenyewe imeonekana maabara. Kammüller aliipima Chuo Kikuu cha Stuttgart katika tasnifu yake ya 1986, na Richard Salant wa Georgia Tech, Marekani, akaitengenezea hesabu za kompyuta. Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji hesabu. Unadondosha oili upande wa nje wa sili nzima, shafti ikizunguka. Tone linakaa kidogo kwenye mfereji kati ya mdomo na chuma, linapungua, linakwisha. Limemezwa kuelekea ndani. Geuza sili hiyohiyo uiweke kinyume, na pampu ileile itaitoa oili nje.

Injini ya Beetle inanifurahisha zaidi kwa sababu upande wake wa pili, kwenye puli ya mkanda wa feni, inafanya jambo hilihili bila mpira kabisa. Pale hakuna sili. Kuna kisahani kinachorusha oili pembeni, halafu shingo ya puli imechongwa hesi inayopita kwenye tundu la bloku bila kuligusa. Puli inapozunguka, hesi inaikokota oili kurudi ndani. Ukizima injini hesi haina nguvu yoyote, lakini haidhuru, maana lita 2.5 za oili zinatulia chini, mbali na tundu hilo. Tommy Fjastad aliposhinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1962 kwa Volkswagen, injini za aina hiyo zilitoka kiwandani hivyo: mbele mpira, nyuma hesi. Kasoro ya hesi ni kwamba hewa nayo inavutwa pamoja na oili, ndiyo maana wanaoendesha magari haya kwenye mchanga huweka puli maalumu yenye sili.

Hesi hiyo ya puli ndiyo inayonirudisha Tanga. Mikwaruzo midogo kwenye chuma chini ya mdomo wa sili ni hesi pia. Flaiwili iliyokaa miaka zaidi ya 50 shingo yake huwa na mfereji uliochimbwa na mdomo wa sili za awali, wakati mwingine na kutu. Fundi akiona hivyo anachukua msasa, anausugua kwa kuukokota ndani na nje huku anazungusha mkono. Shingo inang'aa, na imejaa mistari ya mshazari. Mistari hiyo ikilala upande mbaya inatoa oili nje haraka kuliko mdomo unavyoweza kuirudisha. Sili mpya ikifungwa juu yake, haitapona, iwe nyeusi au nyekundu. Viwandani uso huo hunolewa kwa jiwe linaloingia moja kwa moja bila kusogea pembeni, mahsusi ili usibaki mstari wa mshazari hata mmoja.

Kwa hiyo flaiwili ikitoka, ioshe kwa petroli, ikauke, kisha pitisha ukucha kwenye shingo. Ukucha ukikwama, kuna mfereji. Mfereji wa wastani unatibika kwa kuingiza sili ndani zaidi kidogo ili mdomo upate chuma kipya. Ule wa kina unahitaji bushi nyembamba ya chuma cha pua, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ivishwe juu ya shingo. Lazima usugue? Tumia msasa laini sana wenye oili, uzungushwe kuifuata duara tu, na umalizie hivyohivyo.

Kabla sili haijaingia, mchezo wa krankishafti wa kwenda mbele na nyuma upimwe, uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Unarekebishwa kwa pete 3 zinazokaa nyuma ya flaiwili, na ukiusahau sasa utaing'oa sili mpya ili uzifikie pete hizo. Sili iingie sawasawa pande zote, springi ikitazama injini, mdomo umepakwa oili, kwa sababu mizunguko ya kwanza bila oili ndiyo inayouunguza. Flaiwili za injini za miaka hiyo zina pete ya mpira ndani, pale inapokaa juu ya krankishafti, nayo ibadilishwe. Ikichoka inavuja kwa namna inayofanana kabisa na sili mbovu. Kizibo cha kemshafti kilicho chini ya flaiwili ni vilevile. Halafu nusa: oili ya giaboksi ina salfa na harufu kali, na ikiwa ndiyo inayodondoka, injini haina kosa. Nati kubwa ya katikati, ya spana ya 36, hukazwa kwa newtonmita 340 hivi, nguvu ambayo haipatikani kwa spana fupi na mikono mitupu.

Sili ya silikoni inavumilia joto vizuri na sina ubaya nayo. Ila ile ya kawaida inatosha, na tofauti ya bei ni afadhali msomaji wetu ampe fundi wa mashine ya kuchonga aitazame shingo ya flaiwili kwanza.