Wayua: Njaa Iliyobaki Katika Jina la Binti

Binti akizaliwa Kitui au Makueni, mashariki mwa Kenya, mvua ikinyesha, huenda akaitwa Mumbua, kutokana na mbua, ndiyo mvua kwa Kikamba. Wa kiume huwa Wambua. Aliyezaliwa mama akiwa njiani ni Nzilani. Aliyezaliwa wakati wa yua, yaani njaa, ni Wayua, na hili ndilo jina linalonigusa kuliko yote.

Ukambani kila njaa kuu hupewa jina. Ile ya mwisho wa karne ya 19 ni Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ya 1984 watu waliiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa huku nimeshika: pesa zipo mkononi, chakula cha kununua hakuna.

Kwa desturi, binti wa kwanza hurithi jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo Wayua wa leo anaweza kuwa amezaliwa mwaka wa ndengu na mbaazi tele, ilhali jina lake ni la njaa aliyozaliwa nayo susu wake, yaani nyanya yake.

Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulago, Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba Wakamba humpa mtoto jina siku ya tatu. Mbuzi huchinjwa, na wanaotoa jina ni wanawake waliokwisha kuzaa. Kesho yake baba humvisha mtoto mkufu. Napenda sana kwamba kazi hiyo iliachiwa kina mama, maana wao ndio hujua chungu kilikuwa na nini siku ile.

Wamishonari wa Africa Inland Mission walipofika Nzaui mwaka 1895, majina ya ubatizo yakafuata. Leo muuguzi kliniki akiita Faith, akina mama kadhaa huinuka na watoto wao; akiongeza Wayua, hubaki mmoja. Wayua si jina pekee la uchungu: Wareno nao huwaita mabinti Dores, maumivu, kwa heshima ya Bikira Maria. Dores hubeba uchungu wa Maria. Wayua hubeba wa kijiji chake.

Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Kenya. Mabinti waliozaliwa wakati huo wameanza shule. Akiwamo Wayua kati yao, naomba mzazi amweleze jina hilo ni la yua ipi, ya susu au yake mwenyewe, kabla walioipitia njaa hiyo hawajaondoka.