Herufi Moja Kwenye Jangwa la Jeni

Kwenye kromosomu ya 8 ya binadamu lipo eneo pana lisilo na jeni za kutengeneza protini. Wanasayansi huliita jangwa. Mwaka 2007, tafiti zilizolinganisha DNA za wagonjwa na za watu wenye afya zilikuta jambo la ajabu humo: mahali pamoja tu, mwenye herufi G badala ya T ana hatari zaidi ya kupata saratani ya utumbo mpana. Kila nakala ya G huongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 20. Inaiongezaje, ilhali pale hapatengenezwi protini?

Swali hilo lilining'ang'ania, likanipeleka kwa kazi za George Calin, daktari kutoka Romania anayefanya utafiti katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston. Jangwa la namna hiyo halikuwa geni kwake. Mwaka 2002, yeye na mtafiti mwenzake Carlo Croce walichunguza kipande cha kromosomu ya 13 ambacho wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu hukipoteza. Jeni ya protini iliyotarajiwa ilitafutwa humo, isionekane. Wao wakakuta RNA mbili fupi mno. Tangu hapo Calin ameshikilia kwamba RNA zisizozaa protini ni wahusika wakuu wa saratani, na uvumilivu wake umenigusa.

Mwaka 2013 kundi lake likaonyesha kwamba herufi ile ya kromosomu ya 8 imo ndani ya RNA ndefu, wakaiita CCAT2. Uvimbe wa utumbo mpana huwa nayo kwa wingi kuliko tishu nzima za jirani. Seli zilizoongezewa CCAT2 zilikua kwa kasi, zikasambaa mwilini mwa panya, na kromosomu za seli hizo zikavurugika. Tena CCAT2 iliichochea MYC, jeni inayohimiza seli kugawanyika, iliyoko umbali wa zaidi ya herufi 300,000!

Lakini kuna panya wengine. Mwaka 2012, kundi la Jussi Taipale nchini Sweden liliwaondolea panya kipande cha DNA kinacholingana na kile chenye herufi hiyo. Wakazaliwa na kuishi salama. Hata waliporithi kasoro ya jeni APC, ambayo huwajaza uvimbe wa utumbo, walipata uvimbe mchache sana. Basi mkosaji ni nani: RNA yenyewe, au kipande cha DNA kinachofanya kazi ya swichi ya MYC? Au wote wawili? Mimi naelemea upande wa Calin, ingawa panya hao hawaniachi nitulie.

Tena kuna hili. Afrika, walio wengi mno wana G. Ulaya ni kama nusu tu ya nakala zilizo na G. Hata hivyo saratani ya utumbo mpana huripotiwa zaidi Ulaya. Ni chakula? Umri? Ni wagonjwa wetu wasiofikiwa na vipimo? Na uvimbe wa mgonjwa wa Mwanza una CCAT2 kiasi gani?