Motokaa Isiyo na Gurudumu la Akiba: Jinsi ya Kulipata na Kulihifadhi

Motokaa nyingi ndogo zionekanazo leo katika kaunti za Migori na Homa Bay zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika. Hushushwa bandarini Mombasa, na Serikali ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka minane. Mnunuzi huangalia injini, rangi na viti, akaridhika. Lakini akiinua zulia la buti, mara nyingi hukuta mahali pa gurudumu la akiba pamewekwa sponji nyeusi, chupa ya dawa na pampu ndogo ya umeme. Gurudumu lenyewe, ambalo mafundi huliita spea, halimo.

Wengi hudhani ya kuwa limeibwa njiani. Pengine ndivyo ilivyo, lakini mara nyingi sivyo. Motokaa nyingi za aina ya Mazda Demio, Nissan Note na Toyota Aqua zilitoka kiwandani bila gurudumu hilo. Watengenezaji waliliondoa ili kupunguza uzito, kuokoa petroli na kupata nafasi. Katika nchi yenye barabara laini na mafundi karibu karibu, upungufu huo si mzito. Huku kwetu ni mzito.

Shida ya zamani iliyorudi

Jambo hili si geni. Motokaa za kwanza kabisa hazikuwa na gurudumu la akiba, na mpira ukitoboka dereva alilazimika kuuvua na kuuziba kando ya njia. Mwaka 1904, ndugu wawili wa jamaa ya Davies katika mji wa Llanelli, huko Wales, walianza kuuza pete ya chuma yenye mpira uliokwisha jazwa upepo, ambayo ilifungwa juu ya gurudumu lililotoboka. Waliiita Stepney, kwa jina la mtaa wenye karakana yao. Kifaa hicho kilienea sana hata watu wa India mpaka leo huliita gurudumu la akiba kwa jina hilo. Basi madereva wa zamani walijifunza kwa taabu ya kuwa safari ndefu yataka gurudumu la tano, na funzo hilo halijapitwa na wakati.

Kwa nini dawa ya chupa haitoshi

Dawa ile humiminwa ndani ya mpira kwa njia ya vali, kisha pampu hujaza upepo. Inaweza kuziba tundu dogo la msumari au la mwiba lililo mahali mpira unapokanyaga ardhi. Haiwezi kuziba ubavu wa mpira uliochanwa na jiwe, wala mpira uliopasuka, wala kunyosha rimu iliyopindwa na shimo. Tena kila chupa ina tarehe ya mwisho wa kutumika. Gari likifika hapa baada ya kutumika Japani kwa miaka sita au saba, huenda chupa yake imekwisha kuharibika, na maandishi yake ni ya Kijapani.

Barabara kuu ipitayo Kisii, Rongo, Awendo na Migori mpaka Isebania ina lami, na katika miji hiyo fundi wa pancha hapatikani kwa shida wakati wa mchana. Lakini atokaye Gwassi, au bonde la Lambwe, au sehemu za ndani za Nyatike, hupita njia za mawe makali na miiba ya migunga. Mtu ampelekaye mama mwenye uchungu wa uzazi kutoka Sindo kwenda hospitali ya Homa Bay usiku wa manane hatafuti fundi, kwa kuwa vibanda vimefungwa. Saa hiyo gurudumu zima ndani ya buti laweza kuwa uhai wa mtu.

Namna ya kulitafuta

Gurudumu hupatikana kwa wauzao vyuma vya magari yaliyovunjwa katika miji mikubwa, kama Kisumu, au Nairobi katika barabara ya Kirinyaga. Kabla ya kutoa fedha, yafaa mnunuzi achunguze mambo manne.

La kwanza ni matundu ya nati. Motokaa nyingi ndogo zilizotajwa hapa, pamoja na Toyota Vitz na Honda Fit, zina nati nne, na umbali kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu linalolielekea ni milimita 100. Rimu yenye kipimo kingine isilazimishwe kuingia.

La pili ni tundu kubwa la katikati. Kwa kawaida rimu ya Toyota Vitz, au ya Demio, ina tundu la milimita 54.1, ya Honda Fit, 56.1, na ya Nissan Note, 60.1. Kwa hiyo rimu ya Vitz haiwezi kukaa katika Note. Rimu ya Note huingia katika Vitz, lakini hukaa kwa ulegevu, na uzito wote hubebwa na nati peke yake; yafaa iwekewe pete ya kujaza nafasi hiyo.

La tatu ni kimo cha gurudumu. Kimo husomwa katika maandishi ya ubavuni. Mpira ulioandikwa 175/65R15 una upana wa milimita 175. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo. Na rimu yake ni ya inchi 15. Ukijumlisha, gurudumu zima lina kimo cha kama milimita 608. Mpira wa 175/70R14 una kimo cha kama milimita 601, basi tofauti ni ndogo na waweza kutumika kwa muda. Lakini ule wa 175/65R14 ni milimita 583 tu, na gari litalala upande. Magurudumu yasiyolingana hutesa gia za mhimili, na katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne madhara huzidi.

La nne ni hali ya mpira. Usiwe na nyufa wala uvimbe wala kiraka cha ubavuni. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho zionyeshazo juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani waweza kuonekana mpya kwa kuwa haukukanyaga barabara, huku umekauka ndani. Rimu nayo izungushwe juu ya jeki ionekane kama imepinda, na rimu ya aluminiamu iliyochomelewa ufa isinunuliwe.

Kuna pia magurudumu membamba yaliyotengenezwa kwa akiba tu, ambayo maandishi yake huanza kwa herufi T. Haya ni mepesi na huenea mahali padogo. Lakini hutakiwa kujazwa upepo wa ratili 60 kwa inchi ya mraba, karibu mara mbili ya ule wa magurudumu ya kawaida, na kwa kawaida dereva haruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwa fundi, wala si kumfikisha Nairobi.

Jambo linalosahauliwa mno

Wengi hununua rimu ya akiba ya chuma ilhali magurudumu yao manne ni ya aluminiamu. Nati za baadhi ya rimu za aluminiamu, hasa za Toyota, zina kichwa bapa chenye washa, na za rimu ya chuma zina kichwa kilichochongoka kama pia. Nati bapa haishiki rimu ya chuma. Hulegea njiani, na gurudumu laweza kuchomoka. Kwa hiyo mwenye gari anunue nati nne zifaazo rimu ya chuma, azitie katika mfuko, na kuufunga mfuko huo katika gurudumu lenyewe. Ajue pia ya kuwa meno ya nati za Nissan si sawa na ya Toyota, Mazda na Honda, na kulazimisha nati ya kigeni ni kuharibu parafujo.

Likiisha patikana, gurudumu lifungwe katika gari nyumbani, mchana, mbele na nyuma, kisha lizungushwe. Lisiguse breki wala kikingio cha matope. Katika jaribio hilo itajulikana pia kama jeki ipo na spana yaingia. Magari yaliyotoka kiwandani bila gurudumu la akiba mara nyingi hayana jeki wala spana, na gurudumu bila vitu hivyo ni mzigo tu. Kama baadhi ya nati ni za kuzuia wizi, ufunguo wake uwekwe pamoja na spana.

Na ikiwa pancha itatokea mbele, katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, huku gurudumu la akiba likiwa dogo, afadhali gurudumu zima la nyuma lipelekwe mbele, na la akiba lifungwe nyuma. Kazi ni mara mbili, lakini gia husalimika.

Namna ya kulihifadhi

Gurudumu la motokaa ndogo lina uzito wa kama kilo 15. Likiachwa huru ndani ya gari, siku ya kugongana huruka mbele kwa nguvu ishindayo ile ya mtu mzima, na waliokaa kiti cha nyuma ndio huumia kwanza. Kwa sababu hiyo lisiwekwe kitini wala miguuni pa abiria. Mahali pake ni buti. Kwanza ondoa sponji uone kama linaenea shimoni. Kama haliingii, lilazwe juu ya sakafu ya buti, mkanda imara upitishwe katika tundu la rimu na kufungwa katika vishikio vya chuma vya gari. Kulifunga juu ya paa si vema: gari huyumba zaidi katika kona, jua hukausha mpira, na mwizi hupata urahisi.

Wenye gari linalotumia petroli pamoja na betri kubwa, kama Aqua, waangalie ya kuwa gurudumu au mizigo haizibi tundu la hewa la betri, ambalo mara nyingi liko kando ya kiti cha nyuma. Betri ikikosa hewa hupata joto na kuharibika upesi.

Wengine, kwa kuwa buti imejaa samaki au magunia ya mahindi, huacha gurudumu nyumbani wakitumaini kuletewa na bodaboda. Shauri hili lafaa kwa safari fupi za mchana, mradi aliyebaki nyumbani ajue lilipo. Lisiwekwe juani, wala karibu na petroli, mafuta au jenereta, maana vyote hivyo hula mpira. Kwa safari ya usiku au ya mbali, mzigo upunguzwe na gurudumu liingie.

Mwisho, upepo wa gurudumu la akiba upimwe kila mwezi pamoja na mengine manne. Upepo hupungua polepole hata kama hakuna tundu, na gurudumu lililolala buti mwaka mzima bila kupimwa huenda likakutwa laini siku lihitajiwapo. Pamoja nalo ziwekwe pembetatu za onyo, tochi, na kipande cha ubao cha kukalia jeki, kwa kuwa udongo mweusi wa Lambwe wakati wa mvua humeza jeki kabla haijainua gari.